Shamba Kama Darasa: Vikundi vya Parokia na Watoto Wenye Mahitaji Maalumu



Katika parokia zetu nyingi kuna desturi njema. Ikifika Kwaresima, au sikukuu ya somo wa jumuiya, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana na wanajumuiya hukusanya sabuni, sukari, unga na madaftari, kisha huenda kuwatembelea watoto wenye mahitaji maalumu shuleni au kituoni. Watoto hufurahi, sala husaliwa, na wageni hurudi nyumbani wakiwa na amani moyoni. Hatuna neno baya la kusema juu ya desturi hiyo. Sabuni inahitajika, na ziara inahitajika.

Hata hivyo, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili, ukikaa naye kwa utulivu, mara nyingi ana swali ambalo sabuni haiwezi kulijibu: siku nikifa, mwanangu ataishi na nani, na atakula nini? Katika makala hii tunaeleza njia mojawapo ya kuanza kulijibu swali hilo, yaani kumfundisha mtoto kwa njia ya shamba, gharama zikibebwa na vikundi vyetu wenyewe. Tutaona shamba linamfundisha mtoto nini, fedha zitoke wapi na ziende wapi, na ni mambo gani huua miradi ya namna hii. Hoja yetu kuu ni kwamba kikundi kinapaswa kugharamia mafunzo ya mtoto kwanza; hesabu ya mavuno ije baadaye.

Shamba linafundisha nini?

Tunapotaja watoto wenye mahitaji maalumu tunawazungumzia watoto wa aina nyingi: wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, viziwi, wasioona na wenye uoni hafifu, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino. Wengine wana hali mbili kwa pamoja. Hapa Tanzania baadhi yao husoma katika shule maalumu, na wengi wengine katika vitengo vilivyomo ndani ya shule za msingi za kawaida. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya elimu sawa na watoto wengine wote.

Wakulima wetu wanalijua shamba darasa la afisa ugani, ambapo watu wazima hujifunza kilimo bora. Hapa tunazungumzia jambo la karibu na hilo, ila lengo lake ni pana zaidi. Mtoto hajifunzi kilimo peke yake. Kwa kupitia matuta machache na banda la kuku anajifunza kuhesabu, kusema, kusubiri, kufuata ratiba, kushirikiana na wenzake na kumaliza kazi aliyoianza.

Tuchukue tuta la mchicha. Kwa mtu mzima, kupanda mchicha ni kazi moja. Kwa mwalimu wa elimu maalumu ni hatua kumi au zaidi: kuchukua jembe, kuvunja udongo, kuchanganya samadi, kusawazisha tuta, kuchora mistari kwa kijiti, kumimina mbegu, kuzifukia, kutandaza nyasi, kumwagilia, kuosha jembe na kulirudisha mahali pake. Mtoto hufundishwa hatua moja mpaka aimudu, ndipo anaongezewa nyingine. Wakati mwingine mwalimu huanza na hatua ya mwisho, ili mtoto aonje mapema furaha ya kumaliza. Picha za hatua hizo hubandikwa ukutani kwa mpangilio, na mtoto asiyejua kusoma huziangalia na kujua kinachofuata.

Mazao nayo huchaguliwa kwa kumfikiria mtoto. Mchicha huliwa baada ya wiki tatu au nne tu, hivyo unamfaa mtoto ambaye miezi minne ya kungoja mahindi ni sawa na milele. Kuku akilalia mayai, vifaranga huanguliwa kwa siku 21. Mtoto anayefuta siku moja kwenye kalenda kila asubuhi anajifunza namba na maana ya kesho kwa pamoja. Wakati wa kupanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kamba yenye mafundo inatosha kuwa rula. Mtoto asiyeona hulipapasa fundo na kujua mahali pa kuchimba, na mara nyingi humpita anayeona kwa unyofu wa mstari.

Mtoto anayetumia kiti mwendo hawezi kuinama kwenye tuta, lakini bustani ya gunia iliyoinuliwa hadi kimo cha mikono yake anaiweza. Mtoto kiziwi hupata alama za maji, mbegu, jua na mdudu akiwa amevishika vitu vyenyewe. Mtoto mwenye usonji, ambaye mabadiliko ya ghafla humtia hofu, hupata utulivu katika kazi inayofanyika saa ileile kila siku, kwa kuwa kuku hula kila asubuhi bila kujali sikukuu. Wapo pia watoto wasiovumilia kabisa kugusa udongo mbichi. Hao wasilazimishwe. Wapewe glovu, au wapewe kazi ya kuokota mayai na kuyapanga kwenye trei.

Shamba haliponyi ulemavu, na asiwepo wa kumwahidi mzazi hivyo. Wala halichukui nafasi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumpeleka mtoto shambani kwa sababu tumekata tamaa naye darasani ni kumdharau yeye na kumdharau mkulima pia. Shamba ni mahali ambapo masomo yaleyale ya darasani hushikika kwa mikono.

Kanisa na nchi yetu vinalijua jambo hili

Katika majimbo yetu tunazijua shule za chekechea za Montessori zinazoendeshwa na masista. Wachache wanakumbuka kwamba Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alianza kwa kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma kabla ya kufungua Nyumba ya Watoto mwaka 1907. Kwa watoto hao alijionea kwamba mikono huiamsha akili. Baadaye alipendekeza kwamba hata vijana wa kawaida wanaobalehe wajifunze wakiishi shambani, wakilima na kuuza mazao yao, ili waielewe jamii kwa kushiriki kazi zake.

Hapa nchini, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Alitaka kila shule iwe pia jumuiya inayozalisha, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato. Wazo lilikuwa zuri, lakini tukiri kwamba katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu: aliyechelewa analima, aliyepiga kelele anafyeka. Mtoto aliyezoea hivyo huliona shamba kama gereza. Kwa hiyo shule inayotaka kufundisha kwa njia ya shamba ianze kwa kupiga marufuku adhabu ya jembe kwa wanafunzi wote.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 22, alizungumzia waziwazi watu wenye ulemavu na kazi. Anafundisha kwamba wao ni binadamu kamili wenye haki zao zote, na kwamba jamii inayowapokea wenye nguvu peke yao katika maisha na kazi zake inatenda ubaguzi mzito wa wenye afya dhidi ya walio dhaifu. Fundisho hilo linatuhamisha kutoka huruma ya siku moja. Mtoto mwenye ulemavu ameitwa, kadiri ya uwezo wake, kushiriki kazi ile ambayo kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu alimkabidhi mwanadamu bustanini, kuilima na kuitunza.

Fedha zipo wapi?

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walijadili kwa kina ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika mkutano wao wa mwaka 1976. Leo jumuiya hizo ndizo mahali ambapo Mkristo anajulikana kwa jina. Kando yake, na mara nyingi wanachama wakiwa walewale, kuna VICOBA na vikundi vingine vya kuweka na kukopa. Mtindo huu una asili yake Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana walichochuma.

Vikundi vingi vya aina hii vina mifuko miwili. Wa kwanza ni wa hisa na mikopo, ambao ni jasho la kila mwanachama, na haufai kuguswa kwa ajili ya sadaka. Wa pili ni mfuko wa jamii, unaochangwa kwa ajili ya misiba, magonjwa na shida za ghafla. Tunapendekeza mfuko wa tatu, mdogo, wenye daftari lake, kwa ajili ya shamba la watoto. Ukichanganywa na mfuko wa jamii, msiba wa kwanza utaumaliza, na hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kulalamika.

Tufanye hesabu ya mfano. Kikundi kina wanachama 30, kila mmoja anaweka shilingi 1,000 kwa wiki katika mfuko huo. Kwa wiki ni shilingi 30,000. Kwa wiki 52 ni shilingi 1,560,000. Fedha hizo kwa mradi mkubwa ni kidogo, lakini zina sifa ambayo misaada mikubwa mara nyingi haina: zinakuja kila wiki, na zinatoka kwa watu wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni.

Kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa na kuvitaka visajiliwe. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mtu wa kumwona mapema. Shule ikiwa ni ya serikali, makubaliano yapitie kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kwa maandishi, ili mwalimu mkuu akihamishwa mradi usihame naye.

Fedha ziende wapi?

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Ni rahisi kupata wachangiaji wa kununua mbuzi wa maziwa na kujenga banda, kwa kuwa banda linazinduliwa, padre analibariki, na picha zinapigwa. Ni vigumu kumpata wa kugharamia Jumanne ya wiki ya sita, wakati chakula cha kuku kimekwisha, bomba limekauka na msaidizi wa mwalimu hajalipwa posho yake. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hujifunza kwa kurudia. Kazi ikikatika kwa mwezi mmoja, anaweza kuwa amerudi alipoanzia.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mgawanyo rahisi. Katika kila shilingi 10, shilingi 6 ziende kwenye gharama za kila mwezi, 2 kwenye vifaa vya kudumu, 1 iwe akiba, na 1 iende nyumbani kwa mtoto. Kwa kikundi chetu cha mfano, gharama za kila mwezi zitapata shilingi 936,000 kwa mwaka, yaani shilingi 78,000 kwa mwezi. Vifaa vitapata 312,000, akiba 156,000, na nyumbani 156,000.

Shilingi 78,000 kwa mwezi zinatosha mbegu, chakula cha kuku wachache na maji, lakini hazitoshi kumlipa msaidizi. Vikundi vitatu vya parokia moja vikiungana vinapata shilingi 234,000 kwa mwezi, na hapo posho ya msaidizi wa siku chache kwa wiki inawezekana. Msaidizi huyo ndiye moyo wa mradi. Mwalimu mmoja hawezi kumshika mkono mtoto wa kwenye kiti mwendo, kumtuliza mwenye usonji na kumwangalia mwenye kifafa kwa wakati mmoja. Afadhali jumuiya ziungane kwa shule moja yenye msaidizi, kuliko kila jumuiya kuwa na bango lake katika shule yake na shamba lililoota magugu.

Katika gharama za mwezi yasisahauliwe mambo madogo yanayoangusha miradi mikubwa. Kuku wa kienyeji wasipochanjwa kideri kila baada ya miezi mitatu, banda zima linaweza kuisha kwa siku chache, na kwa mtoto aliyewapa kila kuku jina huo ni msiba. Mtoto anayeishi mbali anahitaji nauli, yake na ya anayemsindikiza. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua, na kazi zake zifanyike asubuhi mapema au kivulini.

Vifaa vya kudumu viwe vile vinavyomfungulia mtoto njia: tangi la maji, majembe yenye mipini mifupi, njia ngumu inayopitisha kiti mwendo kati ya matuta, kivuli, choo anachoweza kukiingia. Ile shilingi moja ya nyumbani ni mbegu, gunia la bustani au majike mawili ya kuku kwa mzazi, ili wakati wa likizo mtoto aendelee na kazi aliyojifunza, na ndugu zake wamwone akiifanya.

Kuhusu uaminifu, tunaye mwalimu mzuri. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, hakutaka aubebe peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba ndugu waaminifu waliteuliwa kusafiri na mchango huo ili pasiwe na wa kulaumu. Nasi tuwe na watu watatu wa kutia sahihi, stakabadhi ya kila manunuzi, na taarifa fupi kila mwezi inayosomwa jumuiyani. Taarifa hiyo ianze na watoto: nani sasa anamwagilia bila kukumbushwa, nani ameweza kuhesabu hadi kumi. Ndipo zifuate fedha, na mwisho idadi ya mafungu ya mchicha.

Mavuno ni ya nani?

Swali hili lijibiwe kabla ya kupanda. Jikoni kwa shule kuna njaa ya kweli, na mwalimu mkuu anaweza kuona shamba kama njia ya kupunguza bajeti ya mboga. Kidogo kidogo matuta yanaongezeka, watoto wenye uwezo wanafanya kazi ya wote, wale wenye ulemavu mkubwa wanabaki kukaa kivulini, na somo limekwisha ingawa mboga ni nyingi. Mradi wa namna hiyo hupongezwa na wageni, lakini umeshakufa.

Tunashauri mavuno yagawanywe mara tatu mbele ya watoto. Fungu la kwanza lipikwe na kuliwa na waliolilima, kwa kuwa mtoto asiyeweza kueleza maana ya kazi huielewa akiionja sahanini. Fungu la pili liuzwe, na watoto wenyewe washiriki kuuza, kwa mfano kwenye uwanja wa parokia baada ya Misa ya Dominika. Kupokea noti ya shilingi 1,000 na kurudisha chenji ya 500 ni somo la hesabu ambalo ubao hauwezi kulitoa. Fungu la tatu liwe mbegu.

Siku ya kuuza, waumini wanunue mboga kwa bei ya sokoni. Anayetoa shilingi 10,000 kwa fungu la shilingi 500 na kuondoka bila mboga anamrudisha mtoto kwenye nafasi ya ombaomba. Picha zisipigwe bila ruhusa ya mzazi.

Usalama nao ni sehemu ya haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, na kwa kazi nyepesi tu. Shamba la shule si ajira, na lisifanywe kuwa ajira kwa mlango wa nyuma. Vipindi viwe vifupi. Dawa za kuulia wadudu zisiwe mikononi mwa watoto wala karibu nao. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na kisima, moto au panga. Na mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, hata akiwa padre au frateri.

Kwetu sisi seminarini, na kwenu parokiani

Sisi mafrateri tunapokwenda kwenye utume wa Jumamosi au mwaka wa uchungaji, tuna muda na nguvu za mwili, na mara nyingi tumekulia mashambani. Tunaweza kumsaidia mwalimu kutengeneza kadi za picha, kujifunza alama chache za lugha ya alama, kusoma daftari la mapato pamoja na mama mtunza hazina. Tusiwe sisi wenye mradi. Frateri huondoka baada ya miezi michache, jumuiya inabaki.

Kwa jumuiya, tunapendekeza maswali matatu katika kikao kijacho, baada ya kushirikishana Neno. Je, tunawajua kwa majina watoto wenye ulemavu wanaoishi katika eneo la jumuiya yetu, pamoja na wale ambao hawatoki nje? Je, shule au kitengo kilicho karibu nasi kinahitaji nini kila mwezi, kwa kauli ya mwalimu mwenyewe? Je, tunaweza kuahidi kiasi gani kwa wiki kwa miaka mitatu bila kukatiza? Ahadi ya shilingi 300 inayotimizwa ina thamani kuliko ahadi ya 3,000 inayosahauliwa baada ya Pasaka.

Lile swali la mzazi halitapata jibu lote shambani. Lakini kijana anayejua kuwalisha kuku wake kumi, anayejulikana na wateja wake pale parokiani, na ambaye majirani ishirini wamekuwa wakimchangia na kumtembelea tangu akiwa na miaka tisa, hatabaki mgeni siku mzazi wake atakapoitwa na Bwana. Watakuwapo wanaolijua jina lake na wanaojua anachokiweza.